Kuhama PlayStation kwenda Xbox au Switch ukiwa Arusha au Moshi bila kupoteza ulichonacho

Mtu akitaka kuhama kutoka PlayStation kwenda Xbox, au kutoka Xbox kwenda Switch, swali la kwanza huwa bei ya mashine. Hilo ndilo swali rahisi. Gharama kubwa iko kwenye vitu visivyohama: gemu zilizonunuliwa kwenye akaunti, hatua ulizofikia, kikosi cha Ultimate Team (timu unayojijengea mtandaoni kwenye gemu ya mpira ya EA FC), CD zilizopangwa kabatini, padi za ziada, na watu unaocheza nao kila jioni. Anayeuza PS4 yake Jumamosi na kununua Xbox Jumatatu bila kuvihesabu hivyo hujikuta anaanza upya, na wengine hurudi walikotoka wakiwa wamelipa mara mbili.

Mpangilio tunaoshauri ni huu: hesabu, unganisha akaunti, hifadhi ulipofikia, nunua na ujaribu mashine mpya, ndipo uuze ya zamani. Ukigeuza mpangilio, kuna hatua ambazo huwezi kuzirudia.

Je, kuna sababu ya kuhama?

Mapenzi kwa nembo yasikuzuie wala yasikusukume. Kampuni zenyewe hubadilika. Sega iliacha kutengeneza mashine mwaka 2001 baada ya Dreamcast, na leo gemu zake zinachezwa kwenye mashine za waliokuwa wapinzani wake. Microsoft, wenye Xbox, iliyokaa miaka mingi bila kupeleka gemu yake ya magari, Forza, kwa Sony wenye PlayStation, ilitoa Forza Horizon 5 kwenye PS5 Aprili 2025, na Gears of War: Reloaded ikafuata Agosti mwaka huohuo. Kwa hiyo anayetaka kuhamia Xbox kwa ajili ya gemu moja, atazame kwanza kama gemu hiyo haijamfuata aliko. Nintendo, wenye Switch, ndiyo bado ina mipaka migumu: gemu kubwa za Mario na Zelda utazipata kwenye mashine zake tu.

Kwa Arusha na Moshi kuna jambo jingine la kupima. Mtaani PlayStation ndiyo imetawala. Vibanda vya gemu vingi vina PS3 na PS4, CD zinazozunguka kwa kubadilishana ni za PS4, fundi anayejua kubadilisha tundu la HDMI la PS4 anapatikana bila kusafirisha mashine hadi Dar es Salaam, na mnunuzi wa PS4 iliyotumika hakosekani. Xbox ina watu wake, lakini padi, CD na vipuri vyake mara nyingi itabidi uagize Kariakoo viletwe na basi, au Nairobi vipitie Namanga. Hiyo si dosari ya mashine. Ni gharama ya kuishi nayo hapa, na lazima iingie kwenye hesabu.

Kama unacheza EA FC na marafiki sebuleni kwa CD za kuazimana, baki PlayStation. Ukitaka kupanda, toka PS4 uende PS5 yenye sehemu ya CD, kwa sababu inasoma CD zako za PS4. Ila usitegemee isome za PS3 au PS2, hizo haisomi. Kama una intaneti ya faiba nyumbani, unapenda kujaribu gemu nyingi tofauti peke yako, na bado una CD za Xbox One au Xbox 360, basi Xbox Series X ina maana: inasoma CD za Xbox One, na CD nyingi za 360 na za Xbox ya kwanza zilizomo kwenye orodha ya Microsoft.

Xbox Series S ni suala tofauti. Ni ndogo, tulivu, na inakula umeme mdogo, lakini haina sehemu ya CD kabisa. Kila gemu itaingia kwa intaneti, huwezi kuazima, na huwezi kuuza gemu uliyoimaliza. Toleo la GB 512 linakuachia takriban GB 364 za kutumia. Kwa mtu anayetegemea bando la simu, Series S haifai, hata kama bei yake inavutia.

Switch inafaa nyumba yenye watoto wadogo na mtu wa safari nyingi. Anayehamia huko kwa ajili ya mpira ajue kwamba EA FC ya Switch ya kwanza haikutani mtandaoni na wachezaji wa PlayStation wala Xbox. Na kama lengo ni kucheza na rafiki wa kampuni nyingine, angalia kizazi pia: katika EA FC, PS5 hukutana na Xbox Series, na PS4 hukutana na Xbox One. Wawili wanaweza kununua gemu yenye jina moja na wasionane.

Hesabu kabla ya kugusa chochote

Chukua karatasi. Upande mmoja andika vinavyohama, upande wa pili visivyohama.

Gemu zote ulizonunua kwenye duka la PlayStation zinabaki PlayStation. Ukiitaka gemu hiyohiyo Xbox, unainunua tena. Salio lililobaki kwenye akaunti halihami, kwa hiyo litumie kwanza. Gemu za kila mwezi za PS Plus, huduma ya kulipia ya Sony, ni zako muda wote unaolipia tu. Game Pass ya Xbox ni hivyohivyo: ukiacha kulipa, gemu hazifunguki, ingawa ulipofikia panabaki. Tuzo za PlayStation hazigeuki kuwa alama za Xbox.

Kikosi cha Ultimate Team kinasafiri kati ya PS4 na PS5 ndani ya toleo lilelile la gemu, na vivyo hivyo kati ya Xbox One na Xbox Series. Hakivuki kutoka PlayStation kwenda Xbox. Mchezaji aliyejenga kikosi tangu Septemba akihama Januari, kikosi hicho kimekwisha kwake. Wakati mzuri wa kuhama kwa mtu wa EA FC ni pale toleo jipya linapotoka, kwa kawaida mwishoni mwa Septemba, maana siku hiyo kila mtu anaanza kikosi kipya.

Vifaa navyo vina upande. Padi ya PS4 kwenye PS5 inacheza gemu za PS4 pekee. Gemu za PS5 zinaikataa. Padi ya Xbox One inafanya kazi zote kwenye Series X na Series S. Hedifoni za waya wa 3.5 mm unazichomeka kwenye padi ya PlayStation au ya Xbox Series, hizo tunza. Za USB zilizotengenezewa PlayStation kwa kawaida hazisikiki Xbox, na hedifoni za kawaida za Bluetooth hazipokelewi moja kwa moja na PS4, PS5 wala Xbox. Usukani ni wa kuangalia kwa makini: Logitech G29 ni ya PlayStation, G920 ni ya Xbox, na kwa macho zinafanana sana. Diski ya nje uliyoitumia PS4 inaweza kuhamishiwa Xbox, lakini Xbox itaifuta yote kwanza.

Kuunganisha akaunti, hatua inayoharibiwa na wengi

Kuna gemu ambazo maendeleo yake hayakai kwenye mashine bali kwenye akaunti ya kampuni iliyotengeneza gemu. Fortnite na Rocket League zinatumia akaunti ya Epic, Call of Duty mpya zinatumia akaunti ya Activision, Diablo IV inatumia Battle.net. Hizi zinahama, ila tu ukiziunganisha kwa mpangilio sahihi.

Mfano wa Fortnite. Mchezaji wa kawaida wa PS4 aliifungua siku ya kwanza akabonyeza kuendelea, bila kuandika barua pepe. Akaunti ya Epic ikaundwa kimyakimya nyuma ya jina lake la PSN, yaani mtandao wa PlayStation. Sasa ananunua Xbox, anafungua Fortnite, anabonyeza kuendelea tena, na akaunti ya pili ya Epic inaundwa nyuma ya jina la Xbox, tupu. Anapotaka kuziunganisha anaambiwa jina hilo la Xbox tayari lina akaunti nyingine. Kulikwamua kunahitaji kutenganisha, kusubiri, na wakati mwingine kuandikiana na watu wa msaada.

Fanya hivi badala yake, ukiwa bado na PS4. Kwenye kivinjari cha simu fungua tovuti ya Epic Games, uchague kuingia kwa PSN. Ukishaingia, weka barua pepe yako halisi na nywila, kisha uithibitishe barua pepe. Toka, uingie tena kwa barua pepe hiyo kuhakikisha inakubali. Halafu nenda sehemu ya akaunti zilizounganishwa, ongeza Xbox au Nintendo. Mwisho kabisa ndipo uifungue gemu kwenye mashine mpya. Utaratibu huohuo unafaa kwa Activision na nyingine: akaunti ya zamani ikamilike kwanza, mpya iungwe juu yake.

Minecraft inachanganya watu. Ukiingia kwa akaunti ya Microsoft kwenye PS4 utacheza na marafiki walioko Xbox, lakini dunia ulizojenga zimehifadhiwa ndani ya PS4 na hazitokei Xbox zenyewe. Kama una dunia ambayo watoto wameijenga kwa mwaka mzima, ipandishe Realms, seva ya kulipia ya Minecraft, kwa mwezi mmoja wa malipo, kisha uifungue upande wa pili.

Kuhifadhi ulipofikia

Kwa gemu za hadithi zisizo na akaunti ya nje, sevu ya PlayStation haifunguki Xbox. Hata hivyo ihifadhi, kwa sababu ukirudi, au ukinunua PS5 baadaye, utaihitaji.

Kwenye PS4 chomeka flashi iliyofomatiwa FAT32 au exFAT. Nenda Settings, kisha Application Saved Data Management, kisha Saved Data in System Storage, uchague Copy to USB Storage Device. Chagua gemu zote. Sevu ni ndogo, na flashi ya GB 32 mara nyingi inatosha. Sevu hizo zimefungwa kwenye akaunti yako, kwa hiyo hazimfai mtu mwingine, na wewe mwenyewe huwezi kuzitumia ukipoteza akaunti.

PS5 ni kali zaidi. Inakubali kunakili sevu za gemu za PS4 kwenye flashi, lakini sevu za gemu za PS5 hazinakiliwi mojamoja hivyo: zinatoka kwa kupanda mtandaoni ukiwa na PS Plus, au kuhamishwa moja kwa moja kwenda PS5 nyingine. Anayeuza PS5 bila PS Plus alipie angalau mwezi mmoja kabla ya kuifuta, kisha ahakikishe kwa macho kwamba sevu zimepanda. Kwa anayetoka Xbox kazi ni nyepesi: Xbox One na Series hupandisha sevu mtandaoni zenyewe, bure, mradi mashine imeunganishwa na intaneti. Iwashe, fungua kila gemu unayoijali, itoke vizuri, na uipe muda imalize kabla ya kuizima.

Nchi ya akaunti

Hapa pesa za watu hupotea sana, tuseme kinagaubaga. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PSN. Wachezaji wa hapa hufungua akaunti kwa nchi nyingine, kisha hununua kadi za zawadi za nchi hiyo. Masharti ya Sony yanataka nchi halisi ya mtumiaji, kwa hiyo anayefanya hivyo ajue kwamba yakitokea matatizo hana pa kusimamia. Jingine la kujua: nchi ya akaunti ya PSN haibadiliki baada ya kufunguliwa. Kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, na kadi ya benki ya Tanzania mara nyingi hukataliwa kwa sababu nchi hazilingani. CD za PS4 na PS5 zenyewe hazina mipaka ya nchi, lakini nyongeza unazonunua mtandaoni lazima zilingane na nchi ya CD. CD ya Ulaya na nyongeza ya duka la Marekani hazitatambuana.

Xbox inaruhusu kubadili nchi ya akaunti mara moja kila miezi 3, ila salio halikufuati. Nintendo nayo inaruhusu, mradi salio limekwisha. Kwa mtu anayehama ni vizuri kuchagua nchi moja na kukaa nayo, iwe ile ambayo muuza kadi wako anaipata kwa urahisi.

Usinunue akaunti ya kuchangia yenye gemu nyingi kwa bei ya kutupwa. Aliyeifungua ana barua pepe ya asili, na siku akiomba kubadili nywila wewe umebaki na mashine tupu.

Kununua mashine iliyotumika

Iwe dukani mjini au kwa mtu, jaribu kwa nusu saa nzima, si kwa dakika tano za kuona nembo inawaka. Nenda na flashi, hedifoni za waya, CD moja ya gemu nzito, na simu yenye bando ya kutoa hotspoti.

Anza na lebo ya nyuma au ya chini. PS4 ya kwanza inaanza na CUH-1, Slim ni CUH-2, Pro ni CUH-7. PS5 ya kwanza ni CFI-1, ile nyembamba ya mwaka 2023 ni CFI-2, Pro ni CFI-7. Mtu akikuuzia Pro na lebo inasema CUH-1, mazungumzo yameishia hapo. Kama stika ya dhamana imechanwa, uliza nani alifungua na kwa nini. Kwenye PS5 jibu hilo lina uzito mkubwa: kati ya prosesa na kipoza joto kuna metali ya majimaji inayopitisha umeme. Fundi aliyezoea pesti ya kawaida ya kupoza joto akiimwaga pembeni, bodi inaungua.

Washa, weka CD, toa, weka tena mara kadhaa. Cheza. Gusa waya wa HDMI taratibu pale unapoingia. Picha ikikatika, tundu limelegea. Jaribu matundu yote ya USB. Chomeka hedifoni kwenye padi, maana padi nyingi za bandia sauti yake ndiyo inafichua: haitoki au ina mikwaruzo. Achia vijiti vya padi uone kama mchezaji anatembea mwenyewe. Baada ya dakika 20 sikiliza feni ya PS4. Ikivuma hadi mnashindwa kusikilizana, vumbi limejaa au pesti imekauka, na hiyo ni gharama ya fundi unayoweza kuikata kwenye bei.

Kisha unganisha hotspoti na uingie kwa akaunti yako mwenyewe. Hili usiliruke. Mashine iliyofungiwa na kampuni hutaijua mpaka ujaribu kuingia mtandaoni. Muuzaji akisema ina gemu 30 ndani, muulize ziko kwenye akaunti ya nani. Zikiwa zake, zitatoweka siku atakapoitoa akaunti, kwa hiyo bei ihesabiwe kama mashine tupu. Ikiwa imechipiwa, yaani imechezewa ili icheze gemu za kunakili, hutaweza kuiapdeti wala kucheza mtandaoni bila kupoteza hizo gemu au kufungiwa.

Andikeni mauziano: namba ya mashine, namba ya kitambulisho cha muuzaji, simu, tarehe, shahidi. Ukimpitia mjumbe wa mtaa ni bora zaidi. Mashine za gemu huibwa sana majumbani, na anayekamatwa nayo ndiye anayeulizwa.

Umeme, joto na vumbi

Mashine nyingi huku zinakuja na ndugu kutoka Marekani au kwenye kontena la mitumba, ambako umeme ni wa volti 120 au 100. Wetu ni 230. PS4, PS5, Xbox One S, Series X, Series S na adapta ya Switch zote zinapokea 100 hadi 240. Unachobadilisha ni waya tu. Nyingi hutumia waya wa matundu mawili wenye umbo la namba 8, uleule wa redio, kwa hiyo nunua wenye plagi ya pini tatu uachane na adapta za kusafiria zinazolegea. Hatari iko kwenye Xbox 360 na Xbox One ya kwanza, zile zenye tofali la umeme la nje. Tofali la Marekani limeandikwa 100–127V. Ukilichomeka kwenye 230, linaweza kufa papo hapo. Soma maandishi ya tofali kabla ya kuchomeka, na likiwa la Marekani tafuta tofali la 220–240.

Umeme ukikatika gemu ikiwa inaandika sevu, data zinaharibika. UPS (betri ya akiba ya umeme) ndogo ya 650VA inatosha PS4 Slim na televisheni ya inchi 32 kwa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. PS5 inaweza kufika karibu wati 200 katika gemu nzito, hivyo pamoja na televisheni kubwa tafuta 1000VA au zaidi. Usiiache mashine katika hali ya kusinzia usiku, izime kabisa. Ikishindwa kuwaka vizuri baada ya umeme kukatika, PS4 ishikilie kitufe cha kuwasha hadi mlio wa pili, kama sekunde 7, chomeka padi kwa waya, uchague namba 5, Rebuild Database. Hiyo haifuti gemu. Namba 6 na 7 zinafuta kila kitu, usiziguse kwa kubahatisha.

Sony imeweka joto la chumba la PS5 kati ya nyuzi 5 na 35. Moshi mwezi Februari, chumba cha bati kisicho na dari kinapita hapo mchana, kwa hiyo cheza asubuhi au jioni na uache angalau sentimita 10 kati ya mashine na ukuta. Arusha joto si tatizo kubwa. Vumbi la kiangazi ndilo. Usiifunike kwa kitambaa ikiwa inawaka. Kila baada ya miezi michache ipulize, ukishikilia mapanga ya feni yasizunguke.

Siku ya kwanza na mashine mpya

Xbox Series haimalizi kuandaliwa bila intaneti, tayarisha bando kabla ya kufungua boksi. PS5 unaweza kuanza bila mtandao na kucheza CD, isipokuwa ile ya CFI-2 au Pro uliyoiongezea sehemu ya CD baadaye: hiyo inahitaji intaneti mara moja ili sehemu hiyo itambuliwe.

Piga hesabu ya kupakua mapema. Gemu ya GB 50 kwa kasi ya Mbps 10 inachukua takriban saa 11; kwa Mbps 20 ni saa 5 na nusu. Call of Duty inavuka GB 100. CD inapunguza mzigo kwa sababu data nyingi zinatoka kwenye CD yenyewe, lakini ukiweka CD ya Xbox One kwenye Series X, mashine inaweza kuanza kushusha toleo jipya badala ya kusoma CD. Zima apdeti za kiotomatiki ikiwa unatumia bando, vinginevyo utaamka salio limekwisha.

Kwenye intaneti ya simu utaona pia NAT Type 3 kwenye PlayStation, au Strict kwenye Xbox. Maana yake njia imebanwa upande wa mtandao wa simu, na mara nyingi sauti za marafiki ndizo zinakufa kwanza. Kubadilisha mashine hakuondoi hilo. Faiba yenye waya wa LAN ndiyo mara nyingi huondoa.

Ukitaka kucheza mtandaoni gemu za kulipia, kila kampuni ina malipo yake: PS Plus, Game Pass, au Nintendo Switch Online. Fortnite na eFootball hazihitaji PS Plus wala Game Pass.

Vidole vitasumbuka. Kwa mahali, alama ya msalaba ya PlayStation ni A ya Xbox, duara ni B, mraba ni X, pembetatu ni Y. Kwa hiyo rafiki aliyezoea PS akikuambia bonyeza X, wewe uliye Xbox bonyeza A. Nintendo imegeuza: A iko kulia, B chini. Acha EA FC ya mtandaoni kwa siku chache za mwanzo ucheze mechi za mazoezi dhidi ya mashine mpaka mkono uache kufikiri. Padi ya Xbox ina kijiti cha kushoto juu, na mishale ipo chini yake, hivyo anayebadili mbinu za timu kwa mishale atachelewa mwanzoni.

Kuuza ya zamani

Mashine mpya ikishakaa wiki mbili bila tatizo, uza. Kwenye PS4 fungua Settings, Account Management, Activate as Your Primary PS4, uchague Deactivate. Kisha Initialization, Initialize PS4, chaguo la Full, linalochukua saa kadhaa. Lifanye siku umeme umetulia. Kwenye PS5 zima Console Sharing and Offline Play chini ya Users and Accounts, halafu Reset Your Console chini ya System Software. Kwenye Xbox ni System, Console info, Reset console, na uchague kuondoa kila kitu. Kama uliuza kabla ya kufanya hivyo, Sony inakuruhusu kuzima vifaa vyote kupitia tovuti mara moja kila miezi 6.

CD ziuze mojamoja kama huna haraka. Pamoja na mashine hupata bei ndogo kuliko zilivyostahili. Bakiza zile za gemu ambazo hujamaliza na unadhani utarudi kuzitafuta.

Akaunti ya zamani usiifute. Badilisha nywila, washa uthibitisho wa hatua mbili, na uandike zile namba za akiba kwenye karatasi unayoiweka na vyeti vyako. Kama uthibitisho unakuja kwa ujumbe wa simu, hakikisha laini hiyo haitafungwa kwa kutotumika, au uhamishie kwenye programu ya simu ya kutoa namba. Gemu zote ulizolipia bado ziko humo, na siku utakapokaa mbele ya PS5 ya ndugu yako Njiro au Shantytown, utaingia na kuzikuta.